Shajara ya kalenda ya kijiwe: picha 12 za vyombo vikiwa mwendoni

Jumamosi, 7 Juni

Kazi imeanza leo. Kijiwe cha bodaboda cha mtaani kwetu, Kinondoni, kinataka kalenda ya mwakani, picha moja kwa kila mwezi. Mwenyekiti wao alinikuta kwa mama ntilie nakunywa chai akaniambia, "Dada, wewe si ndiye uliyepiga ile harusi ya juzi hapo kona? Sasa sisi hatutaki picha za kusimama kama za kitambulisho. Tunataka tuonekane tuko kazini, tunatembea." Tumekubaliana 9 za bodaboda, 2 za bajaji, na Desemba iwe basi la mwendokasi, kwa sababu abiria wao wengi wanawapeleka au kuwachukua kituoni.

Kabla sijatoa kamera kwenye begi nimeweka masharti matatu mbele ya wote. Helmeti kichwani na mkanda wake umefungwa. Hakuna abiria nyuma. Hakuna kuzidi kilomita 40 kwa saa. Kijana mmoja mwenye pikipiki nyekundu aina ya boksa hakufurahi. "Arobaini dada? Hapo hata upepo hausikii." Nikamwambia mwendo wa kwenye picha ni kazi yangu mimi na kamera, yeye kazi yake ni kurudi nyumbani mzima. Sitapiga picha hata moja ya mtu anayekimbizana na kifo kwa ajili yangu.

Vifaa: Nikon D7200 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na lenzi ya milimita 70 hadi 300 yenye kituliza mtikisiko. Kadi mbili. Betri mbili.

Jioni tulikwenda Barabara ya Toure, upande wa Coco Beach. Nikasimama upande wa nyumba, jua la magharibi likiwa mgongoni, bahari ikiwa nyuma ya pikipiki. Niliweka shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, 1/800 ya sekunde kwa sababu nilitaka picha kali isiyo na ukungu. Fremu 214. Zote kali kweli. Nikarudi kijiweni nimejaa furaha, nikawaonyesha kwenye skrini ya nyuma ya kamera. Kijana wa boksa nyekundu akaivuta kamera karibu na uso wake.

"Dada, mbona kama nimepaki?"

"Hapo ulikuwa kwenye arobaini."

"Arobaini gani na spoku zinahesabika?"

Na ni kweli, nilizihesabu. Kila spoku ilikuwa imesimama peke yake, inang'aa. Nyuma yake bahari ilikuwa bluu tupu, bila chochote cha kusema pikipiki imetoka wapi inakwenda wapi. Picha 214 na hakuna hata moja ya kalenda.

Jumapili, 8 Juni

Nimerudi Toure asubuhi na vijana wawili. Kwa hasira ya jana niliteremsha shata hadi 1/30 moja kwa moja. Sasa kila kitu kina ukungu: pikipiki, mtu, ukuta, mti. Fremu 160, sikuambulia kitu. Niliwashukuru vijana, nikawalipia mafuta, nikaondoka kimya.

Jumatano, 11 Juni

Leo sikutoka. Nimekaa mezani na daftari, na nadhani nimepata kitu ambacho kingeniokoa siku mbili nzima. Nakiandika kirefu hapa maana ndicho mradi wote unachokizungukia.

Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11.1 kwa sekunde moja. Shata ikiwa wazi kwa 1/800, pikipiki imesogea sentimita 1.4 tu. Kwa 1/125 imesogea kama sentimita 9. Kwa 1/60, sentimita 18 na nusu. Kwa 1/30, sentimita 37. Sasa ukiipeleka kamera sambamba na pikipiki, yenyewe inabaki palepale kwenye fremu na nyuma yake ndiko kunakochirizika. Na urefu wa huo mchirizi, ukiupima kwa kipimo cha pikipiki iliyomo kwenye picha, ni sawa na ile njia pikipiki iliyopita shata ikiwa wazi. Haijalishi umesimama karibu kwa lenzi fupi au mbali kwa lenzi ndefu. Pikipiki ikijaza fremu kwa kiasi kilekile, mchirizi ni uleule. Nilidhani lenzi ndefu inaongeza michirizi. Kumbe inaongeza kwa sababu tu inaikuza pikipiki nayo.

Bodaboda ina urefu wa kama mita 2. Mchirizi wa sentimita 1.4 jicho halioni kitu. Mchirizi wa sentimita 18 ni karibu sehemu ya kumi ya pikipiki, na nikitazama picha za watu wengine ninazozipenda, naona hapo ndipo mwendo unapoanza kusikika. Kwa hiyo nimejiwekea kipimo changu: mchirizi ufike walau sehemu ya kumi ya chombo. Bodaboda kwenye 40 inataka 1/60. Bajaji ina kama mita 2.6 na haikimbii hivyo, tuseme kilomita 30 kwa saa, inataka 1/30. Daladala la Coaster lina mita 7 hivi, kwenye 40 linataka 1/15. Mkokoteni wenye mita 3, unaosukumwa kwa mwendo wa mtu, ungetaka kama 1/5. Nimeshangaa. Siku zote nimesikia kwamba chombo chenye kasi kinataka shata ya kasi, nikaishia hapo. Urefu wa chombo sikuwahi kuuwazia. Basi kubwa na pikipiki vikipita kwa mwendo mmoja haviwezi kupigwa kwa shata moja, maana basi litaonekana limeegeshwa.

Na bahari haifai. Mchirizi unahitaji kitu cha kuchirizika: majani, matofali, vibao, nguo. Kwenye maji na anga mkono wako unaweza kufanya kazi nzuri kuliko zote na isionekane.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi, Toure tena, lakini nimehamia upande wa ufukweni nikatazama nyumba. Jua linatoka baharini saa 12 na nusu, kwa hiyo saa 1 lilikuwa mgongoni kwangu, la chini, la njano, linaingia mpaka chini ya helmeti. Nyuma ya pikipiki kuna kuta ndefu zenye maboganvilia, miti, na mageti. Hapo ndipo picha za kalenda zitatoka.

Leo nimehangaika na fokasi peke yake.

Kwanza nimeitenganisha fokasi na kitufe cha kufyatulia. Nimekipa kazi hiyo kitufe cha AE-L/AF-L kilicho nyuma, cha kidole gumba. Gumba likikandamiza, kamera inatafuta. Gumba likiachia, inatulia hapohapo. Kidole cha shahada kinabaki na kazi moja. Hali ya fokasi ni ile ya kuendelea kutafuta, inayoandikwa AF-C kwenye Nikon na Sony, na AI Servo kwenye Canon. Ile ya kufunga mara moja na kukaa haifai kwa chombo kinachokusogelea.

Kisha alama ya fokasi. Nilikuwa naiacha katikati, matokeo yake kila pikipiki ilikaa katikati ya picha kama stempu. Sasa pikipiki ikitoka kushoto naihamishia alama upande wa kushoto, ili mbele ya tairi kubaki barabara ya kuingilia. Nimetumia alama moja ikizungukwa na wasaidizi wanane. Alama moja peke yake ni ngumu kuishikilia kwenye kifua cha mtu anayerukaruka juu ya viraka. Zote 51 kwa pamoja zinavutwa na ukuta wenye maua.

Tatizo la Dar ni watu kupita. Muuza madafu na baiskeli yake, mama na mtoto, wakimbiaji wa asubuhi. Kila anayekatiza mbele ya lenzi anaichukua fokasi na kuondoka nayo. Kwenye menyu kuna mahali pa kuiambia kamera ivumilie kidogo kabla haijahama. Nimepandisha hadi mwisho. Imesaidia sana.

Halafu nikajaribu njia ya wazee, na hii nimeipenda. Barabarani pana kiraka cha lami nyeusi, umbo kama chapati iliyokatwa. Nililenga kiraka kile, nikapata fokasi, nikaizima otofokasi pembeni mwa lenzi, nikasubiri. Pikipiki ilipofika kwenye chapati, nilifyatua. Kwa lenzi kwenye milimita 135, apacha (tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) f/10, umbali wa mita 15, eneo linaloonekana kali ni karibu mita 5, kutoka mita 13 hivi hadi karibu 18. Pikipiki inayopita mbele yako kwa pembe mraba haiwezi kutoka humo hata dereva akihama mstari kidogo. Kwa hiyo ukungu nilioupata wiki iliyopita haukuwa kosa la fokasi hata kidogo. Nilikuwa nailaumu kamera bure.

Fremu 131. Zilizokaa: 7.

Jumapili, 15 Juni

Basi kosa ni la mwili. Leo nimejitazama mwenyewe.

Nilikuwa nasimama nimeelekeza miguu kule pikipiki inakotokea. Ikinifikia, kiuno kimeshafika mwisho wa kujizungusha, mkono unaanza kuvuta kwa nguvu, kamera inaruka. Nimegeuza. Miguu sasa inaelekea kwenye chapati ya lami, mahali pa kufyatulia, kisha najikunja kutoka kiunoni kuifuata pikipiki ikiwa bado mbali, kule kwenye geti jeupe. Nainasa mapema, natembea nayo, na wakati wa kufyatua mwili unakuwa umefunguka, umelegea. Viwiko vimebana mbavu. Kiganja cha kushoto kiko chini ya lenzi. Na baada ya kufyatua siachi. Naendelea kuifuata pikipiki mpaka ivuke mti wa tatu. Kwenye kamera yenye kioo cha ndani kama hii, shata ikifunguka kioo huinuka na dirisha la kuchungulia linakuwa giza, na mtu akiona giza mkono husita wenyewe. Kuendelea baada ya mlio kunaufundisha mkono usisite.

Kituliza mtikisiko nimekiacha kwenye Normal. Kwenye lenzi hii kinatambua kwamba kamera inapelekwa upande, kinaacha mwendo huo na kutuliza tu ule wa juu na chini. Lenzi nyingi za Canon zina namba 2 kwa kazi hiyo hiyo. Lenzi ya zamani isiyojua tofauti ni bora izimwe, la sivyo itashindana na wewe.

Sasa jambo ambalo limenifurahisha kuliko yote tangu nianze. Niliporudi nyumbani nilizikuza picha kwenye kompyuta nikatazama gurudumu la mbele tu, na gurudumu lilinieleza kila nilichokosea. Tairi linaloviringika, pale linapogusa lami halisogei, limetulia na barabara. Juu kabisa linakwenda mara mbili ya mwendo wa pikipiki. Katikati, kwenye ekseli, linakwenda sawa na pikipiki. Kamera ikienda sawasawa na pikipiki, ekseli inakuwa kali na ukungu wa spoku unaizunguka sawasawa pande zote, kama sahani. Kamera ikichelewa, sehemu kali inashuka chini ya ekseli. Ikiwahi, inapanda juu. Picha ya mwenye fulana ya njano inayoakisi mwanga ina chini ya tairi kali mpaka unaona kokoto iliyobanwa kwenye kashata za mpira, na uso wake umefutika. Nilikuwa nyuma yake. Picha iliyofuata, sekunde hiyohiyo, ekseli na nati yake vinaonekana, na macho yake yanaonekana. Hiyo ndiyo Machi.

Michirizi ya nyuma nayo inasoma. Ikiwa imelala sambamba na barabara, kiuno kimefanya kazi. Ikiwa imeinama, nimepanda au nimeshuka.

Fremu 148, zilizokaa 19. Nimelala mapema.

Ijumaa, 20 Juni

Vijana walipata nafasi saa 5 asubuhi tu, kwa hiyo nikapambana na jua. Kwenye jua kali, ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na f/16 vinataka shata ya 1/100 hivi. Mimi nataka 1/30. Nikabana apacha hadi f/29. Picha zilipata mwanga sahihi lakini zote zimelegea, kama zimepigwa kupitia mfuko wa nailoni, kwa sababu tundu likiwa dogo namna hiyo mwanga unatawanyika kwenye kingo zake. Mbaya zaidi, kila chembe ya vumbi iliyo kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, ilijitokeza. Nimehesabu madoa 23 kwenye ukuta mweupe. Vumbi la Dar linaingia kila unapobadilisha lenzi kando ya barabara, na nimebadilisha mara nyingi.

Alasiri nimekwenda Kariakoo nikanunua filta ya ND8, kioo cheusi kinachokata mwanga hatua tatu, unabaki sehemu ya nane tu. Sasa kwa jua lilelile na shata 1/30 niko kwenye f/10. Otofokasi inaona kupitia kioo hicho bila shida. Ningekuwa na cha kumshauri mtu anayeanza, ningemwambia anunue hiki kabla ya lenzi mpya.

Upepo wa kusi unarusha chumvi. Nafuta filta kila nusu saa kwa kitambaa, chumvi ikikaa inaacha utando unaotia ukungu kwenye taa.

Jumamosi, 21 Juni

Bajaji. Zimekaa vizuri mapema kuliko nilivyotegemea, 1/30, zote mbili zimepatikana kabla ya saa 2. Bajaji haiyumbi kama pikipiki, na mapazia yake ya pembeni yakipepea yanatoa mwendo wa ziada bila kuombwa.

Mpwa wangu alikuja na simu. "Shangazi, mbona hata mimi naweza?" Nikamwekea hali ya kuchagua mwenyewe, shata 1/30. Picha ikawa nyeupe tupu, maana apacha ya simu kama yake haifungi, mwanga wote unaingia. Tulisubiri jioni jua lilipolala ndipo akapata. Amempata dereva vizuri kabisa, ila nguzo za umeme nyuma zote zimeinama kama minazi. Simu inaisoma sensa mstari kwa mstari, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na wakati inasoma, kamera inaendelea kuzunguka. Nguzo imeshahama kabla haijafika chini. Kamera zisizo na kioo zikitumia shata ya kielektroniki nazo nyingi zina kasoro hiyo. Kwenye kazi hii ni shata ya chuma. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kijana wa Kifaransa, Jacques Henri Lartigue, alipiga gari la mashindano, magurudumu yakatoka yameinama mbele na watazamaji wameinama nyuma, kwa sababu hiyohiyo ya shata kupita polepole huku yeye akigeuka. Nilimwonyesha mpwa wangu picha hiyo, akafurahi kwamba kosa lake lina ukoo.

Jumapili, 29 Juni

Mwendokasi, siku ya tatu. Siku mbili za kwanza sikuziandika, hazikuwa na cha kuandika.

Nimesimama kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Barabara ya Kawawa, upande wa mashariki, Jumapili asubuhi magari yakiwa machache. Basi refu lina mita 18. Kwa kipimo changu cha sehemu ya kumi, likienda 40 linataka shata ya 1/6. Nilijaribu. Mkono unaweza, kiuno kinaweza, lakini basi lenyewe linakataa. Katikati ya basi ikiwa kali, pua na mkia vina ukungu, na haijalishi umelifuata vizuri kiasi gani. Nimelichora kwenye daftari nikaona sababu: sehemu iliyo mbele yako kabisa inapita kwa pembe ya haraka kuliko ncha zilizo mbali pembeni. Nikiwa mita 20 kutoka kwenye basi zima, ncha zinachirizika kwa kiasi cha sehemu ya tano ya mchirizi wa nyuma. Nikirudi mita 40, inashuka hadi sehemu ya ishirini. Kawawa haina pa kurudi mita 40. Nyuma yangu kuna maduka.

Kwa hiyo nimeacha basi zima. Nimechukua mita 7 za mbele tu, kuanzia kioo cha dereva hadi mlango wa kwanza, nikaweka 1/15. Kipimo kinahusu kilichomo ndani ya fremu, na mchirizi wa sentimita 74 kwenye mita 7 unatosha. Nililenga pembe ya dirisha la dereva, mahali chuma kinapokutana na kioo, maana mwili wa basi ni mpana na laini, fokasi inateleza juu yake haina pa kushika.

Saa 1:20 lilipita moja. Dereva ni mwanamke, mikono yote miwili kwenye usukani, anatazama mbele. Nyuma yake abiria mmoja ameegemea kioo amelala. Uso wa dereva mkali, wa abiria una ukungu kidogo, na miti ya upande wa pili imekuwa mistari ya kijani tupu. Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Mabasi haya yanapita hapa tangu 2016 na sikuwahi kumwona aliyeyaendesha. Kabla ya kuichapisha nitamtafuta kituoni nimwonyeshe, na akikataa haitaingia.

Jumamosi, 5 Julai

Nimechapisha nakala za majaribio. Duka lilinirudishia picha sita zimekatwa tairi. Nilikasirika, kisha nikaona nami nimechangia. Kamera inatoa picha ya uwiano wa 3 kwa 2. Karatasi ya A3 ni fupi zaidi kwa upana, na mimi nilikuwa nimebana fremu mpaka tairi la mbele linagusa ukingo. Aliyechapisha angeuliza kabla ya kukata, hilo nimemwambia. Lakini kuanzia leo naacha nafasi ya tairi moja zima mbele na nusu tairi nyuma. Picha mbili zinarudiwa. Nne zimepona kwa kuweka ukanda mweupe pembeni.

Na karatasi imeniumbua kwingine: picha mbili nilizoziona kali kwenye skrini ya kamera si kali. Skrini ile ndogo inasamehe mno. Nimeanza kukuza hadi mwisho, palepale barabarani, nitazame jicho na ekseli kabla ya kumwambia mtu asante nenda.

Jumapili, 6 Julai

Jioni, zamu ya mwenyekiti. Yeye hana nafasi asubuhi, ndipo abiria wanapokuwa wengi, kwa hiyo tumepiga mtaani kwetu jua likiwa limezama. Filta nimeivua, ISO 800, f/5.6, shata 1/30.

Watu wawili waliniambia niweke flashi ya kufyatuka mwishoni mwa shata, inayomgandisha mtu na kuacha mkia wa mwanga nyuma. Najua inavyopendeza. Sitaiwasha usoni kwa mtu anayeendesha jioni kwenye mtaa wenye watoto.

Nyuma yake kuna genge la mboga na mstari wa balbu za wachuuzi. Kila balbu inachora mstari kwenye picha, na mstari ule ni mkono wangu, nukta kwa nukta. Kwenye raundi ya kwanza mistari ilikuwa na tumbo katikati: nilishuka nilipofyatua, kidole kilikandamiza kwa nguvu. Ya pili ilikuwa na ndoano mwishoni: nilisimama mapema. Raundi ya tano mwenyekiti alipiga honi kidogo kumpisha mtoto mwenye ndoo, akapunguza, na sikupiga. Ya saba alikuja kwa mwendo wake wa kila siku, mgongo umenyooka, goti limebana tangi. Balbu saba, mistari saba, yote imelala kama nyuzi za gitaa. Mkanda wa helmeti chini ya kidevu unaonekana mpaka mshono wake.

Aliitazama muda mrefu. "Hapa nilikuwa kwenye ngapi?"

"Kama thelathini tu, mwenyekiti."

Akamwita kijana wa boksa nyekundu aje aone.

Zilizokamilika ni 7 za bodaboda, 2 za bajaji na ile ya basi. Zimebaki Agosti na Novemba, zote mbili ni za kurudia kwa sababu ya tairi. Agosti ni ya kijana wa boksa nyekundu. Kesho saa 12:40 asubuhi, Toure, kwenye chapati ya lami. Betri ziko kwenye chaji.